Hivi ni kweli Meek Mill, yule rapa wa Marekani, alifungwa kisa kunyanyua tairi la pikipiki? Tumewekeana msosi huku Mwanga

Boda_wa_Mwanga

Wakuu mwakeye, za mchana. Niko kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, jua linachoma abiria hakuna, sasa kumezuka ubishi ulianza kama utani umekua mkubwa mpaka tumewekeana sahani ya ugali na mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga kwa mama ntilie wetu, na mgebuka wa siku hizi mnajua sio wa kuwekeana kizembe.

Chanzo ni madogo flani walipita na boksa wamenyanyua tairi la mbele kuanzia kule kwenye kona mpaka karibu na sokoni, mmoja kasimama kabisa juu ya siti shati linapepea. Trafiki alikua hapo hapo kivulini anakunywa maji, akawaangalia akatikisa kichwa basi yakaisha. Sasa kuna dogo anauza makava ya simu hapa jirani akasema hawa wangekua Marekani saivi wako ndani, Meek Mill alipigwa miaka kwa mchezo huo huo. Nikamwambia dogo acha fiksi, mtu hafungwi miaka kwa tairi, labda alimgonga mtu. Akasema hakugonga mtu, ila alikua na kesi ya mwaka 2007 ndo ikamla 2017. Hapo ndo nikacheka mpaka kofia ikadondoka, kesi ya 2007 inamfungaje mtu 2017? Mtoto aliyezaliwa siku ya kesi si yuko darasa la nne huyo!

Naomba mnaojua mtiririke, nani anunue mgebuka.

Chuma_Chakavu

Tairi wapi bana, jamaa alikua na bunduki na unga. Nunua wewe dogo wa makava.

Isevya_Asilia

Chuma umechanganya, bunduki na unga ni za kesi ya zamani, ya 2007. Ngoja niwape, mi huyu jamaa namfatilia tangu niko shule hapa Tabora, enzi zile tunapeleka memori kadi kwa jamaa wa stendi anaturushia nyimbo moja shilingi mia, na albamu yake ya kwanza Dreams and Nightmares ya 2012 nililipia nyimbo zote nikala maembe jioni badala ya chips.

Jina lake Robert Rihmeek Williams, mtoto wa Philadelphia, kazaliwa 1987, baba yake aliuawa yeye bado mdogo kabisa. Alianzia mtaani, zile za kukutana kona mnatemeana mistari mwenye pumzi ndo mshindi, ndo maana mpaka leo akirap kama anagombana na mtu. Sasa January 2007, ana miaka 19, polisi wakamdaka kwao. Walisema aliwanyooshea bunduki. Yeye miaka yote anasema bunduki ndio alikua nayo, ila kuwanyooshea hapana, na picha aliyopigwa baada ya kukamatwa ukiiona uso umevimba jicho limefungwa bandeji utajua siku hiyo kuna mtu alikula kipigo.

2008 akakutwa na hatia ya bunduki na madawa ya kulevya, hakuna baraza la wazee wa mahakama wala nini, jaji mmoja tu, anaitwa Genece Brinkley. 2009 akahukumiwa miezi 11 na nusu mpaka 23, na ukitoka unaingia kwenye probesheni ya miaka, yani uko nje ila kwa masharti na chini ya uangalizi. Akakaa ndani miezi kadhaa akatoka. Hapo ndo shida ilipoanza na nyie mnadhani ndo ilipoisha.

Maana mziki ukaanza kulipa. 2011 rapa mkubwa Rick Ross akamsaini, ngoma zikaanza kupigwa kila klabu, na mwanamziki anaepanda hawezi kukaa sehemu moja, leo Atlanta kesho New York, na sharti la probesheni ni kwamba ukitoka nje ya mkoa unaomba ruhusa. Yeye mara anasahau, mara anaomba baada ya kurudi. 2013 jaji akamwamuru aende darasa la adabu, wallahi siwatanii, kwa sababu ya vitu alivyokua anapost mtandaoni, mtu ana albamu sokoni anakaa kwenye kiti anafundishwa adabu. 2014 akarudishwa jela kama miezi mitano, ametoka December. 2015 katoa albamu ikashika namba moja Marekani, na mwaka huo huo akajiletea mwenyewe bifu na rapa mwenzake Drake, akasema jamaa anaandikiwa mistari, Drake akajibu mara mbili ndani ya wiki, na hapo lazma tukubali mzee wetu alizikwa mzima mzima. 2016 mwanzoni tena jaji, siku 90 kifungo cha nyumbani na miaka sita mingine ya probesheni juu.

Mnaona hesabu inavyoenda? Kila akikosea mwaka unarefuka, mwaka ukirefuka nafasi ya kukosea nayo inarefuka.

Sasa tairi. 2017 mwezi wa tatu alikua na purukushani uwanja wa ndege St. Louis. Mwezi wa nane yuko New York anashuti video, akapanda pikipiki zile ndefu za kurukia matuta akanyanyua tairi barabarani, na akili yake yote akaiweka mwenyewe Instagram. Polisi hawakuhitaji hata shahidi. Kesi zote mbili ziliyeyuka, ya New York walikubaliana afanye kazi za jamii ifutwe. Ila November 6, 2017 kule Philadelphia jaji yule yule wa 2008 akampa miaka miwili mpaka minne jela. Mwendesha mashtaka hakuomba jela. Afisa probesheni hakuomba jela. Jaji akasema jela.

Kwahiyo Boda, dogo hajadanganya, ila kuna utamu kaubania.

Chuma_Chakavu

Basi mimi nilichanganya ya 2007 na ya 2017, hawa wamarekani kesi zao haziishi

Mzee_Kaliua

Mimi ni mtu mzima na hiyo miziki yenu siisikilizi lakini nimesoma yote. Mnamuonea huruma bure huyo kijana. Jaji kampa nafasi 2009, kampa tena, kampeleka mpaka darasani kama mtoto, kamfunga nyumbani badala ya jela, bado anapanda pikipiki na kujipiga picha. Mimi nimelea watoto saba hapa Kaliua kwenye shughuli za tumbaku, mtoto ukimwambia usiguse mara nne akagusa mara ya tano, fimbo ya mara ya tano haihesabu alichogusa. Inahesabu zile nne. Masharti uliyakubali mwenyewe ulipotaka kutoka.

Karani_Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa kabisa na mfano wako wa fimbo ndo hasa jinsi mahakama ya kule inavyofikiri, sema ngoja niongeze kitu maana mimi nachapa nyaraka kwa wakili hapa Kigoma mjini, sio mwanasheria, ila mafaili ya watu nayasoma mpaka nayaota.

Probesheni sio adhabu iliyoisha. Ni kama deni la dukani. Mangi kakukopesha mchele, daftari liko chini ya kaunta, na mwenye daftari ni mtu mmoja tu. Siku ukimkera halazimiki kuthibitisha umeiba kitu kipya, anafungua tu ukurasa wako wa zamani. Ndo maana kesi ya New York kufutwa haikumsaidia Meek, maana jaji wa Philadelphia hakua anahukumu tairi, alikua anadai deni la 2007. Kuvunja sharti hakuhitaji ushahidi mzito kama kesi mpya, na anaeamua ni yule yule aliyekupa masharti. Tena huyu alishindwa na kipimo mwaka huo, alikua ametumia vidonge vya maumivu, na akasafiri bila ruhusa, vyote vikaingia kwenye daftari. Kaka Chuma kwahiyo hukukosea sana, ila unga ulikua wa kesi ya 2007.

Huku kwetu watu wanaita vyote kifungo cha nje lakini ni vitu tofauti. Kuna kuachiwa kwa sharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, unaambiwa usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12, ukipita salama imeisha. Kuna huduma kwa jamii, sheria yake ya 2002, kwa wale ambao kifungo chao hakizidi miaka mitatu, unakuta mtu anafyeka nyasi za zahanati saa zake akimaliza anarudi kwake kula. Na probesheni nayo ipo, tuna maafisa probesheni kabisa wala sio kitu cha kizungu tu. Ila mtu kuburuzwa miaka kumi na jaji mmoja kwa kosa la ujana, huko mimi kwenye mafaili yangu sijakutana nako.

Mzee wangu swali moja tu, na naliuliza kwa heshima. Wale watoto wako saba, fimbo ulikua unaendelea nayo mpaka wana miaka thelathini?

Mzee_Kaliua

Marahaba mwanangu. Mmoja tu, na alistahili.

Karani_Ujiji

😂😂 nimenyoosha mikono mzee

Gombe_Hadi_Kalya

Mimi naomba nichangie kwa kilichonikuta maana hili la masharti watu wanaliongea kirahisi sana. Mimi ni fundi wa injini za boti, naingia ziwani kwenda vijiji vya kusini mpaka Kalya huko. Mwaka flani nilikwaruzana na mtu kuhusu hela ya ufundi, tukashikana mashati, nikapelekwa kituo flani sitakitaja, nikapewa dhamana, sharti kila Jumatatu saa mbili asubuhi niripoti nisaini. Hata mahakamani sijafika. Nikasema rahisi, saini tu.

Kilichofata sasa. Kazi zangu ziko ziwani, boti ya kwenda kusini inaondoka ikijaa sio ikifika saa. Nikienda Alhamisi nifanye kazi Ijumaa Jumamosi, Jumapili nitafute boti ya kurudi. Kuna Jumapili ziwa limechafuka, upepo ule wa kusini umeanza hakuna anaetia boti majini, nimelala Kalya nimekumbatia boksi langu la spana naangalia mawimbi tu. Jumatatu mchana ndo nimefika Kigoma, nimepitiliza na matope yangu na harufu ya dizeli mpaka kituoni, nikaambiwa wewe umekimbia dhamana. Nikawekwa ndani siku mbili, mdhamini wangu ambae ni shemeji yangu kaitwa kasumbuliwa, mke ananiangalia kama mimi ndo nimeleta upepo. Baada ya hapo nikawa nakataa kazi za mbali, wateja wakahamia kwa mwingine. Miezi minne. Afu siku moja nimefika kusaini naambiwa mlalamikaji hajaonekana muda mrefu, nenda, tutakuita. Mpaka leo sijaitwa, na mpaka leo Jumatatu saa mbili nikiwa ziwani tumbo linanisokota.

Sasa huyo kijana ni miaka kumi. Pikipiki kaikosea sana, sibishi, lakini nilivyosoma habari ya kuomba ruhusa kila anapotoka mkoani nimejiona mimi na boksi langu la spana.

Boda_wa_Mwanga

Pole sana braza Gombe daah. Upepo nao unatafutiwa mdhamini.

Ila bado sijajua nani ananunua mgebuka, na je alimaliza hiyo miaka miwili mpaka minne?

Isevya_Asilia

Hakumaliza, na hapa ndo dogo wa makava alipobania utamu. Wakati yuko jela, February 2018, timu ya mji wake Philadelphia Eagles ile mipira ya kukumbatia wakaingia fainali, na ngoma waliyotokea nayo uwanjani ni ile intro ya Dreams and Nightmares, ile inayoanza taratibu na kinanda jamaa anasimulia alivyokua anaota, afu katikati mdundo unageuka kama mtu kapiga teke mlango. Uwanja mzima unaimba yeye yuko kwenye selo. Wakachukua kombe, 41 kwa 33. Mtaani mabango ya Free Meek kila kona, rapa Jay-Z akaandika makala gazeti la New York Times, matajiri wanaenda kumtembelea jela foleni.

Afu kikaibuka kitu kingine. Yule polisi pekee aliyetoa ushahidi ile 2008, jina lake likatokea kwenye orodha ya polisi ambao ofisi ya mwendesha mashtaka yenyewe haiwaamini. Ukimtoa huyo kesi inabaki nini? April 24, 2018 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo la Pennsylvania ikaamuru aachiwe. Helikopta ikamfata, moja kwa moja mpaka mechi ya kikapu ya 76ers, akapiga kengele ya kuanzia mchezo ametoka jela masaa machache. July 2019 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu nzima na kumtoa yule jaji kwenye kesi, mwezi wa nane akakubali kosa dogo moja tu la kua na bunduki, bila siku moja ya ziada, imeisha. Miaka 12 na ushee. January 2023 gavana akamsamehe kabisa.

Na hapo ndo nampenda, maana hakuishia kuimba kuhusu kesi. 2019 yeye na Jay-Z na yule tajiri mwenye helikopta Michael Rubin na wengine wakaanzisha Reform Alliance, kazi yao kubadilisha sheria za probesheni, na kule wakati huo watu kama milioni nne na nusu walikua chini ya uangalizi wa aina hiyo. December 2023 gavana mpya wa Pennsylvania akasaini sheria ya kupunguza kurudishana jela kwa vitu vidogo, Meek akiwa pale pale, akashindwa kujizuia akalia.

Chuma_Chakavu

Isevya unamsifia sana, mbona husemi la Ghana? Mwanzo wa 2023 hiyo hiyo aliyosamehewa, kapost video aliyoshuti ndani ya ikulu ya Ghana, kasimama mpaka kwenye ile mimbari ya rais, waghana wakawaka, akafuta akaomba radhi. Mtu ametoka kwenye kesi miaka yote hiyo bado anaingia ikulu ya watu na kamera. Huyo kweli darasa la adabu hakuelewa somo.

Isevya_Asilia

Hilo sibishi hahaha. Ila walimruhusu kuingia, hakuruka ukuta. Ujinga wa kushuti mimbari ni wake, ujinga wa kufungua geti ni wa wengine.

Reli_ya_Kati

Mmenikumbusha kitu, hiyo hiyo 2018 sisi nasi tulikua na rapa ndani. Sugu, Joseph Mbilinyi, kipindi hicho mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa miezi mitano mwishoni mwa February 2018 kwa maneno dhidi ya rais kwenye mkutano. Akatoka May 10. Meek ametoka April 24. Yani wiki mbili tu zimepishana, mmoja Philadelphia mmoja gereza la Ruanda pale Mbeya. Mi nilikua kwenye treni natoka Kigoma naenda Dar siku Sugu ametoka, tumesimama Tabora muda mrefu wanabadilisha kichwa, vijana wa asali wanauza dirishani wanapiga ngoma zake kwenye spika ya mgongoni, sijui walijua ametoka au ndo playlist yao tu.

Na Nay wa Mitego 2017, alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake Wapo, kesho yake waziri anasema rais kaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Huku kwetu mambo yanaweza kuisha kwa simu moja, kule kwao hata simu ya Jay-Z ilichukua miezi mitano.

Karani_Ujiji

Kuisha kwa simu moja kaka yangu maana yake na kuanza kunaweza kuanza kwa simu moja. Mimi bora ya daftari.

Mzee_Kaliua

Binti wa Ujiji anaongea ukweli. Na huyo polisi aliyekutwa na jina kwenye orodha, hilo sikulijua nilipoandika mwanzo. Kama aliyesema umegusa ndo muongo, basi zile fimbo nne nazo zinahitaji kuhesabiwa upya. Kwenye pikipiki sibadilishi.

Boda_wa_Mwanga

Wakuu nimerudi, nilipata abiria wa Kibirizi na ndoo mbili za dagaa, nimenuka mpaka roho.

Nimewasomea wote hapa kijiweni kuanzia mwanzo, kwa sauti. Uamuzi umepitishwa na mama ntilie mwenyewe maana ndo mwenye mgebuka: dogo kashinda kwa kua kweli alirudi jela baada ya tairi, mimi nimeshinda kwa kua sio tairi lililomfunga ni daftari. Kwahiyo mgebuka mmoja tunakula wawili, hela nusu kwa nusu, kichwa kachukua dogo mjinga kweli yule hajui kichwa ndo kuna mafuta.

Wale madogo wa boksa wamepita tena jioni hii. Nimemsimamisha mmoja nikamwambia habari yote, jaji, jela, miaka kumi na mbili, msamaha wa gavana. Kanisikiliza mpaka mwisho ametulia kabisa, nikajua kaingiwa. Akaniuliza: "Sasa ile helikopta ilitua ndani ya uwanja au nje?"

Isevya msaidie dogo, mi sijui.

Isevya_Asilia

Nje bana, ndani kuna watu wanacheza kikapu.